Mpira wa Juu Unaunguza, wa Chini Baridi: Maji ya Injini Yamekwama Wapi?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux Surf ya 1997, dizeli, injini 1KZ-TE. Naitumia kupeleka bidhaa Manyovu kutoka Kigoma mjini, mara tatu kwa wiki. Mjini gari halina neno. Nikishapita Mwandiga na kuanza vilima, geji ya joto inapanda mpaka karibu na H. Nikisimama nikafungua boneti, mpira wa juu wa rejeta unaunguza mkono, wa chini ni baridi kama gari halijawashwa. Fundi wa kwanza aling'oa themostati akaitupa, hali ikazidi kuwa mbaya. Wa pili akabadilisha rejeta, akaweka ya mtumba. Chupa ya akiba inajaa maji, ila gari likipoa maji hayarudi kwenye rejeta. Huwa naongeza maji ya ziwa kwa sababu naishi karibu na Kibirizi. Sasa fundi wa tatu anasema silinda hedi imepasuka, nitafute injini nyingine. Pesa hiyo sina. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msukosuko wa mafundi watatu.

Usinunue injini bado. Fundi wa tatu huenda yuko sahihi, maana hedi ya 1KZ-TE, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu na haivumilii kuchemshwa mara kwa mara. Lakini katika yote uliyoniandikia hakuna hata kimoja kinachothibitisha ufa. Kinachoonekana wazi ni kwamba maji ya moto hayapiti kwenye rejeta inavyotakiwa. Mpira wa chini kuwa na joto pungufu kuliko wa juu ni kawaida, ndiyo kazi ya rejeta. Kuwa baridi kabisa wakati sindano inakaribia H, hapo mzunguko umekatika.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine. Gari lilikuwa linachemsha kabla themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta, haijang'olewa. Maana yake una tatizo la kwanza, ambalo hakuna aliyelitafuta, na juu yake kuna tatizo la pili lililoletwa na matengenezo. La pili limelifunika la kwanza. Ukiendelea kubadilisha vifaa katika hali hiyo, hata ukigusa kilicho kibovu hutajua, kwa sababu gari litaendelea kuchemsha. Kwa hiyo kwanza tunarudisha kilichoharibiwa, ndipo tutafute ugonjwa wenyewe.

Ila kabla hujashika spana yoyote, fanya kipimo kimoja cha bure kesho alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha. Ndicho kitakachokuambia kama hofu ya hedi ina msingi.

Bonyeza mpira wa juu kwa vidole, uwe laini. Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka shingoni, funga. Washa injini na uiache kwenye sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, mkono uwe kwenye mpira huo huo. Maji yanayopata joto yanahitaji dakika kadhaa kujenga shinikizo. Kama mpira unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, ukiwa bado baridi, shinikizo hilo halikutoka kwenye maji. Ni hewa ya mwako inayopenya kutoka kwenye silinda. Injini ya dizeli kama yako inaibana hewa zaidi ya mara 20 kabla ya kuwaka, kwa hiyo hata ufa wa unywele unaweza kusukuma hewa nyingi kwenye njia ya maji.

Halafu chomoa ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa ya akiba, ncha yake uichovye kwenye chupa safi ya plastiki yenye maji nusu, na mwenzako akanyage mafuta kidogo kidogo. Utaona mapovu. Usiogope mapema. Gari lililomwagwa maji karibuni lazima litoe mapovu, kwa sababu lina hewa iliyobaki ndani. Hewa iliyobaki inakwisha, mapovu yanapungua, mwishowe yanakata. Hewa ya mwako haikati. Kila mafuta yakikanyagwa inakuja, sekunde kwa sekunde, hata baada ya nusu saa. Mapovu ya namna hiyo pamoja na mpira mgumu alfajiri, hapo mpe fundi wa tatu haki yake. Hata hivyo dawa ya kwanza siyo injini nzima. Unafungua hedi, unaipeleka kwenye karakana ya mashine ikapimwe kwa shinikizo na kunyooka kwake, na pengine utakuta ni gasketi iliyo chini yake tu.

Mapovu yakikata na mpira ukabaki laini, endelea na mimi.

Sasa themostati. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu desturi ya kuing'oa imeua injini nyingi za dizeli mkoani kwetu, na wanaofanya hivyo wanafanya kwa nia njema kabisa.

Injini ikiwa baridi, themostati inakuwa imefunga njia ya rejeta. Pampu inayazungusha maji ndani ya injini peke yake. Yakitoka kwenye hedi yanarudi kwenye pampu kupitia njia fupi ya pembeni, ili injini ipate joto lake mapema. Maji yakifikia joto lililogongwa kwenye chuma cha themostati, tuseme nyuzi 82, nta iliyo ndani ya kile kikopo kidogo cha shaba inayeyuka, inatanuka, inasukuma vali, na njia ya rejeta inafunguka. Watu wengi wanajua mpaka hapo.

Sasa nunua themostati mpya ya injini yako, ishike mkononi na uigeuze. Upande wa chini utaona sahani ya pili, ndogo, imekaa kwenye springi. Vali kubwa inapofunguka kwenda rejeta, sahani hiyo inashuka na kuziba ile njia fupi ya pembeni. Themostati ya namna hii inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine kwa wakati mmoja. Ukiing'oa, umeuacha ule wa pili wazi moja kwa moja. Maji hufuata palipo rahisi, na njia fupi ni rahisi kuliko mirija myembamba ya rejeta. Sehemu kubwa inazunguka ndani ya injini bila kupoa hata kidogo. Yale machache yanayofika kwenye rejeta yanapita polepole mno, yanapoa kabisa humo, ndiyo maana mpira wa chini unaushika na ni baridi. Mjini, injini ikiwa haina kazi nzito, hayo machache yanatosha. Vilima vya Manyovu na mzigo nyuma, hayatoshi.

Desturi hii haikutoka hewani. Ziko injini ambazo themostati yake haina sahani ya pili, na huko ukiitoa gari linapoa kweli, tena kupita kiasi. Lililofaa huko limehamishiwa kwenye Toyota ya dizeli bila kuangalia upande wa chini wa kifaa.

Themostati mpya nayo ipime kabla ya kuifunga, hasa kama hukununua kwa mtu unayemwamini. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, isiguse chini. Kigoma ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 97 au karibu yake. Themostati ya 82 lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe imefunguka wazi, kiasi cha milimita 8 hadi 10. Itoe, iache ipoe, iangalie ikifunga tena mpaka mwisho. Isiyofunguka, inayofunguka nusu au isiyofunga, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Pembeni mwa sahani kubwa utaona kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza. Ukifunga, kitundu hicho kiwe juu. Hewa inakimbilia juu, na hapo ndipo mlango wake wa kutokea wakati unajaza maji. Nimeona themostati nzuri, mpya, imefungwa na kitundu kikiangalia chini, mwenye gari akahangaika wiki mbili na hewa isiyotoka. Weka na ule mpira wa duara unaozunguka ukingo wake. Wa zamani usiurudishe.

Hewa iliyokwama ndiyo mshukiwa wangu wa pili kwako, kwa sababu gari limefunguliwa na kumwagwa maji mara mbili ndani ya muda mfupi. Pampu imetengenezwa kusukuma maji, haiwezi kusukuma hewa. Povu kubwa likikaa kwenye pampu au juu ya hedi, maji yanasimama. Tena sindano ya geji inaweza kukudanganya, maana kifaa kinachopima joto kikiwa ndani ya hewa badala ya maji kinasoma kisichokuwepo.

Kuna kipimo rahisi ambacho watu wa Kigoma hatukikumbuki kwa sababu ya hali ya hewa yetu: hita ya ndani ya gari. Nani anawasha hita hapa? Lakini hita ni rejeta ndogo inayopokea maji ya moto ya injini. Injini ikiwa imepata joto, fungua hita mpaka mwisho, weka mkono. Ikipuliza moto, maji yanafika. Ikipuliza baridi wakati geji iko juu, hayazunguki. Angalia pia kama mipira ya hita haijakatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe chini ya boneti. Magari mengi hapa yamefanyiwa hivyo ili kuzuia kuvuja. Kama yako imefanyiwa, kipimo hiki huna.

Kujaza maji kwenye injini hii ni kazi ya saa nzima, siyo ya kumimina ndoo na kufunga. Egesha gari pua ikiwa juu. Kigoma vilima havikosekani, tafuta mteremko wowote wa Gungu au Mwanga. Hita iwe wazi. Mimina polepole kwa mkondo mwembamba, ukibonyeza na kuachia mpira wa juu na wa chini kwa mkono, utasikia hewa inatoka kwa kwikwi shingoni mwa rejeta. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache ifike joto la kufungua themostati. Utaona maji yanashuka ghafla, hapo themostati imefunguka, jaza tena. Endelea mpaka mpira wa chini nao uwe wa moto na mapovu yameisha, ndipo ufunge.

Na fanya hivi, nakusihi: pima kwa lita. Unapomwaga maji ya zamani, yakinge kwenye ndoo na uyapime. Unapojaza, hesabu ulichoingiza. Zimetoka lita 10 na zimeingia 7 tu, basi kuna lita 3 za hewa ndani, na huna sababu ya kulaumu kifaa chochote mpaka hizo lita 3 ziingie.

Ukimaliza hapo, tatizo la pili limeondoka. Huenda na la kwanza pia limeondoka nalo, kama themostati iliyotupwa ndiyo iliyokuwa imekwama. Hatutajua, maana imetupwa; siku nyingine kifaa kikitolewa kwenye gari lako, kichukue uende nacho nyumbani. Ikiwa bado linachemsha, tuitafute sababu kwenye pampu, mpira wa chini na rejeta yenyewe.

Pampu kwanza. Injini ikiwa imezimwa, shika feni kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, uitikise mbele na nyuma. Kwenye injini hii feni imekaa kwenye shafti ya pampu, kwa hiyo ikicheza, beringi imekwisha. Chini ya shingo ya pampu kuna kitundu. Alama ya maji yaliyokauka hapo, nyeupe au ya rangi ya kutu, inasema sili imeanza kuvuja. Bana mkanda wa feni kwa kidole gumba. Mkanda uliolegea au unaong'aa kama umepakwa mafuta unateleza, na unateleza zaidi pale unapopanda kilima.

Ubaya ni kwamba pampu inaweza kuwa kavu nje, haichezi, na bado haisukumi. Hapo injini ikiwa ya moto na themostati imefunguka, bana mpira wa juu kwa kitambaa kinene wakati mwenzako anakanyaga mafuta kufikia kama mizunguko 2,000. Unatakiwa usikie maji yakisukuma mkononi. Kimya kabisa? Fungua pampu uangalie mapanga yake. Niliwahi kufungua moja kutoka kwenye pikapu iliyokuwa ikifanya kazi upande wa Uvinza. Mwenye nayo alikuwa akiijaza maji ya kisima kifupi, na wote tunajua ardhi ya Uvinza na chemchemi zake za chumvi. Nje pampu ilikuwa nzuri, imepakwa rangi hata. Ndani mapanga yalikuwa yameliwa mpaka vikabaki vijino, vyembamba kama makali ya kisu, na ukuta wa pampu umechimbika vishimo vyeupe vinavyopukutika ukivigusa kwa kucha. Shafti ilikuwa inazunguka vizuri sana, maji yanabaki palepale.

Mpira wa chini ndio uliowahi kunifundisha adabu. Miaka hiyo nilikuwa Tabora, likaja gari la dizeli linalochemsha kwenye barabara ya Urambo tu, likienda kasi. Nikabadilisha themostati. Nikasafisha rejeta. Nikafungua hedi na kuweka gasketi mpya, kazi ya siku mbili na gharama kubwa ya mwenye gari. Likachemsha tena. Siku ya tatu, nikiwa nimeinamia boneti, mwenzangu akakanyaga mafuta kwa nguvu, nikauona mpira wa chini unabonyea wenyewe na kuwa bapa kama soksi tupu. Upande huo pampu inavuta. Mpira ukichoka, au springi iliyokuwa ndani yake ikioza, unajifunga kila injini inapopandisha mizunguko. Ukiachia mafuta unajifungua, na gari lililosimama huoni kitu. Mwenye gari nilimrudishia fedha ya ufundi ya hedi, lakini zile siku tatu hazikurudi. Tangu hapo mpira wa chini nautazama kabla ya kufungua bolti yoyote, na wewe fanya vivyo hivyo. Kukanyaga mara moja tu kunatosha.

Rejeta ya mtumba uliyowekewa siiamini mpaka ipimwe. Itoe, ziba tundu la chini kwa kiganja, ijaze maji, kisha achia ghafla. Maji yatoke kwa kishindo, yakijaza tundu lote. Yakitiririka kama bomba la siku za mgao, mirija imeziba. Ikiwa bado iko kwenye gari, pasha injini moto, zima, kisha pitisha nyuma ya kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka juu kwenda chini. Sehemu zenye baridi kati ya sehemu za moto ndizo zilizoziba. Angalia pia nafasi kati ya rejeta na kipoozeo cha AC mbele yake. Vumbi jekundu la barabara zetu likichanganyika na wadudu na mafuta linatengeneza blanketi, na kwa mbele huwezi kuliona. Lioshe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, bila shinikizo kali la mashine, maana mapezi yanalala.

Halafu niambie: fundi wa pili alirudisha lile kava la plastiki linalozunguka feni? Mara nyingi rejeta ya mtumba haioani na kava, linawekwa pembeni na kusahaulika. Unapopanda kwa gia ya pili, upepo wa mwendo ni mdogo, hewa karibu yote inavutwa na feni. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ya kwenye injini badala ya kuivuta kupitia rejeta. Jambo hili peke yake linaweza kuchemsha gari zima kilimani na lisionekane kabisa mjini. Klachi ya feni nayo, injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: iwe nzito na isimame upesi. Ikizunguka yenyewe mara nne, tano, mafuta yake ya silikoni yameisha.

Mfuniko wa rejeta ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, na kwako una dalili zote za ubovu. Wenyewe una vali mbili. Kubwa inazuia shinikizo mpaka lifike kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Ndogo, katikati, inafunguka injini inapopoa ili maji yaliyokwenda kwenye chupa yavutwe kurudi. Wewe chupa inajaa na hairudi. Ama vali ndogo imeganda, ama mpira mwembamba una ufa unaovuta hewa badala ya maji, ama ncha yake haifiki chini ya maji kwenye chupa. Vikiwa vizima vyote vitatu na bado maji yanasukumwa nje, rudi kwenye kile kipimo cha mapovu.

Shinikizo hilo lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maji yaliyo wazi yanachemka nyuzi 97 hapa ziwani, na kwenye milima ya Manyovu, ikiwa mita 1,500 na zaidi, ni kama 95. Chini ya mfuniko mzima wa 0.9 hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mfuniko mbovu unakunyang'anya nyuzi 20 za usalama, na kilimani unazihitaji zote. Nunua mpya wenye namba ile ile ya kitabu cha gari. Namba kubwa zaidi inapasua rejeta na mipira.

Sasa maji ya ziwa. Najua ni masafi, tunayanywa, tunayaoga, yanaonekana mpaka chini. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, magnesiamu hasa, na yana alkali: pH yake ni kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Madini yanaganda kwenye kuta za moto za injini kama ule ukoko wa birika la chai, na ukoko unazuia joto lisitoke. Alkali ya kiwango hicho inaanza kuila aluminiamu, na hedi yako ni aluminiamu. Maji ya bomba hapa mjini nayo yanatoka ziwani, kwa hiyo usidhani umekwepa. Kila lita unayoongeza inaleta madini mapya, kwa sababu yaliyovukiza yaliacha yake ndani.

Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua za kwanza kuosha paa, au maji ya betri yaliyoondolewa madini. Hapo soma chupa vizuri dukani, maana maji makali, yaani asidi ya betri, nayo watu huyaita maji ya betri, na hayo yakiingia kwenye injini ni balaa. Changanya na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu. Hapa hatuna barafu ya kuogopa, lakini kulanti inakinga kutu, inalinda aluminiamu na sili ya pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Usichanganye aina mbili, na usiamini rangi peke yake. Imwage na kuweka mpya kila baada ya miaka miwili. Iliyomwagika isiachwe wazi: ina ladha tamu, ni sumu, na watoto na mbwa huvutiwa nayo.

Ukoko uliokwisha kuganda, osha kwa ndimu ya unga ile ya kutengenezea juisi, vijiko vichache kwenye maji moto, zungusha nusu saa, kisha suuza mara tatu mpaka maji yatoke safi. Asidi ya betri usiiguse, na magadi pia, vyote vinakula aluminiamu. Na yeyote atakayekuambia utie manjano, ute wa yai au kipande cha sabuni kuziba uvujaji, mkatalie. Vinaziba uvujaji, halafu vinaziba mirija.

Siku ya majaribio, panda na nusu ya mzigo. Sindano ya Toyota hizi imetengenezwa kukaa katikati hata joto likibadilika sana, ikianza kusogea juu ya katikati tayari umechelewa kidogo, usisubiri H. Dizeli ya moto inaendelea kuvuta kama kawaida, haitakuonya kwa kukosa nguvu. Ikisogea, simama pembeni, washa hita yote, acha injini kwenye sailensa kama bado ina maji. Ikitoa mvuke au maji yamekwisha, zima. Mfuniko usiufungue kabla ya dakika 45, na maji baridi usiyamwage juu ya hedi ya moto wala kuyaingiza ndani yake. Hapo ndipo hedi nyingi hupasuka.

Ukifika Mwandiga, kabla ya kuanza vilima, simama dakika mbili na ushike mipira yote miwili. Wa juu wa moto, wa chini wa moto kiasi cha kuvumilika kwa kiganja: endelea. Wa chini bado baridi: geuza, na uniandikie zimeingia lita ngapi na zilitoka ngapi.